Lugha na Usanifu wa Vyombo: Uhakiki wa Kitabu cha Donald A. Norman

Kitabu cha Donald A. Norman kiitwacho The Design of Everyday Things si kitabu cha lugha, wala mwandishi wake si mtu wa isimu. Ni mwanasaikolojia wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1935, na kitabu chake chahusu milango, swichi za taa, mabomba ya maji, majiko na simu. Huenda msomaji akauliza kitabu cha namna hiyo kimeingiaje katika kurasa hizi. Jibu ni kwamba istilahi zake zimeenea kwa watu wote wanaotengeneza vyombo vya siku hizi, hasa programu za kompyuta na za simu, na wanafunzi wetu wanaoajiriwa kuyaandika au kuyatafsiri maneno ya vyombo hivyo hukutana nazo kila siku. Twaombwa tuzitafutie Kiswahili. Lakini haifai kuitafsiri istilahi kabla ya kuipima. Basi nia ya makala haya ni kuzipima istilahi chache za kitabu hicho kwa mizani ya Kiswahili. Kuonyesha pale lugha yetu inapozithibitisha, pale inapozigawa, na pale ambapo kitabu chenyewe, kwa maoni yangu, kimeipunja lugha haki yake.

Kitabu kilitoka mara ya kwanza mwaka 1988 kwa jina la The Psychology of Everyday Things. Mwaka 1990 kikabadilishwa jina, na mwaka 2013 kikatolewa tena baada ya kuandikwa upya na kuongezwa. Norman aeleza kwamba alisukumwa kukiandika alipokuwa Cambridge, Uingereza, akisumbuliwa na milango na swichi ambazo mtu msomi kama yeye hakuweza kuzitumia bila ya kubahatisha. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa limetangulia. Tarehe 28 Machi 1979 ilitokea ajali katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Watu wa kwanza kulaumiwa walikuwa waendeshaji wa mitambo. Norman alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitwa kuchunguza, naye asema waliona kwamba waendeshaji walikuwa watu hodari, ila chumba chao cha mitambo kilikuwa kimepangwa vibaya hata ingeshangaza kama wasingekosea. Hiyo ndiyo hoja ipitayo katika sura zote saba za kitabu: mtu anaposhindwa kutumia chombo, aghalabu lawama si yake, bali ni ya aliyekisanifu.

Hoja hiyo naikubali, na nadhani kila mwalimu wa lugha ataikubali. Barua isipoeleweka, wa kwanza kuulizwa ni mwandishi. Neno usanifu lenyewe latukumbusha ujirani huo: twalitumia kwa nyumba na mitambo, tena twasema Kiswahili sanifu. Lakini kukubali hoja si kukubali kila istilahi iliyoibeba.

Nianze na istilahi iliyo maarufu kupita zote. Mwaka 1993 Norman alijiunga na kampuni ya Apple, na cheo chake huko kilitaja jambo ambalo leo ni jina la taaluma nzima, yaani mambo yote yampatayo mtu atumiapo chombo, tangu anapokiona hata anapokiweka. Wafasiri wengi wameliita uzoefu wa mtumiaji. Siafiki. Uzoefu ni tunda la kukaa na jambo kwa muda mrefu. Fundi mzoefu ni yule aliyekwisha kurudia kazi yake mara nyingi, na mtu aliyezoea mlango mbaya huacha kuuona ubaya wake. Msanifu ahitaji kujua yaliyompata mtu siku ya kwanza, alipokuwa bado hajazoea; naye akiambiwa apime uzoefu, atapima kinyume cha kitu anachokitafuta. Neno tajriba lafaa zaidi, kwa kuwa lachukua maana ya kujaribu na kupatwa pamoja, wala halidai urefu wa muda. Basi katika makala haya nitasema tajriba ya mtumiaji.

Istilahi ya pili yataka maelezo marefu kidogo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia James J. Gibson alitoa kitabu chake The Ecological Approach to Visual Perception, ambamo alieleza dhana aliyoiita afodansi. Jina hilo alilibuni kutoka kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutoa au kuwezesha. Yeye mwenyewe alisema kwamba kitenzi kilikuwamo katika kamusi lakini nomino haikuwamo. Kwa Gibson, ardhi ngumu iliyo tambarare humpa kiumbe nafasi ya kusimama, na kitu chenye kimo cha goti humpa mtu nafasi ya kuketi. Nafasi hiyo haimo katika kitu peke yake, wala haimo katika kiumbe peke yake. Ni uhusiano baina yao. Kimo cha goti la mtu mzima si kimo cha goti la mtoto, na uso wa maji ambao humbeba mdudu haumbebi mtu. Norman aliichukua dhana hiyo akaiingiza katika usanifu: bamba la mlango lasukumika, kishikio chavutika, na mlango mwema ni ule ambao umbo lake lakupa habari hiyo.

Ilibidi Kiingereza kibuniwe nomino mpya ili dhana hii itajike. Kiswahili kinayo tayari, nayo imo katika mnyambuliko wa kitenzi, katika kauli ya kutendeka. Twasema: njia hii yapitika, nyumba ile haikaliki, maji ya kisima hiki yanyweka, mwandiko wake hausomeki. Hakuna hata moja katika sentensi hizi isemayo kwamba mtu fulani amepita, amekaa, amekunywa au amesoma. Zasema juu ya njia, nyumba, maji na mwandiko. Lakini zasema juu yake kwa kuvipima na tendo la mtu. Huo ndio uhusiano aliouchungulia Gibson.

Tena sarufi yetu yafanya zaidi. Kauli ya kutendwa humkubali mtenda kwa kiunganishi na: mlango ulifunguliwa na mtoto. Kauli ya kutendeka humkataa; hatusemi mlango ulifunguka na mtoto. Walakini, tunapotaka kusema kwamba uwezekano huo ni wa mtu au kitu fulani na si wa kingine, twatumia kwa: njia hii haipitiki kwa gari kubwa; maandishi haya hayasomeki kwa mtu wa macho mabovu. Hivyo lugha yatenga mambo mawili, nani ametenda, na kwa nani jambo latendeka. Msanifu ambaye angejifunza kuiuliza kazi yake swali hili la pili, yaani yasomeka kwa nani, yashikika kwa nani, angekuwa amefahamu nusu ya kitabu cha Norman kabla ya kukifungua.

Msomaji makini atanipinga kwamba kauli hiyo hiyo yachukua maana mbili. Kikombe kimevunjika ni hali iliyokwisha kuwa. Vikombe vya udongo huvunjika ni uwezekano tu. Ni kweli, na tofauti hiyo huonyeshwa na njeo. Lakini tazama kwamba mchafuko uliompata Norman ni wa namna nyingine. Mwaka 1999 aliandika makala ya kulalamika kwamba wasanifu wa programu wameitwaa afodansi wakaiharibu: mtu achora kitufe juu ya kioo, kisha asema ameweka afodansi. Hakuweka. Kioo cha simu chagusika pote, palipochorwa na pasipochorwa. Alichoweka msanifu ni habari ya kumwambia mtu aguse hapa. Kwa Kiswahili kosa hilo si rahisi kulifanya, maana hapana mtu atakayesema ameweka kugusika juu ya kioo ambacho chote chagusika. Kwa hiyo sioni haja ya kuliswahilisha jina afodansi. Tuseme kukalika kwa kiti, kupitika kwa njia, kusomeka kwa maandishi. Na pale tunapohitaji jina la jumla, tuseme utendekaji. Neno uwezekano, ambalo wengine wamelipendekeza, ni pana mno, kwa kuwa latumika pia kwa mambo ya kubahatisha, kama uwezekano wa mvua.

Ili kuuondoa mchafuko huo, Norman alileta istilahi ya tatu, kwanza katika makala ya mwaka 2008, kisha katika toleo la mwaka 2013. Kila kitu kionekanacho au kisikikacho kinachomjulisha mtu la kufanya alikiita kwa jina lile lile ambalo wanaisimu hulitumia kwa kiashiria cha Ferdinand de Saussure. Mwenyewe akiri kwamba amelitumia kwa namna iliyo tofauti kidogo na ya wanasemiotiki. Tofauti si ndogo. Katika mafunzo ya Saussure, yaliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufa kwake, kiashiria ni upande mmoja tu wa ishara, nao ni taswira ya sauti. Upande wa pili ni kiashiriwa, na pande hizo hazitengani, kama zisivyotengana pande mbili za karatasi. Kiashiria cha Norman ni ishara nzima. Tukikitafsiri kwa neno hilo, mwanafunzi atajifunza Jumatatu kwamba kiashiria ni nusu ya ishara, na Jumanne kwamba ni ishara yote.

Lakini shida iliyo kubwa zaidi si ya jina. Norman aliingiza katika kapu moja neno sukuma lililoandikwa juu ya mlango na njia iliyokanyagwa na wapitao majanini. Aliingiza pia jukwaa la stesheni: mtu akiliona halina abiria hata mmoja, ajua kwamba gari limekwisha kuondoka. Kwa mtumiaji, mjumuisho huo wafaa, maana yeye ataka tu kujua la kufanya. Kwa msanifu haufai. Neno lililo juu ya mlango liliwekwa, na yuko aliyeliweka, naye anaweza kuulizwa. Njia iliyo majanini haikuwekwa na mtu ili kutuarifu. Ni athari ya nyayo, na msanifu hana budi kuisoma kabla hajachora. Kiswahili kilikwisha kuyatenga mambo haya. Dalili ya mvua ni mawingu, twasema; hatusemi alama ya mvua. Wingu halikutumwa na mtu. Alama huwekwa: alama ya barabarani, alama ya kuulizia, alama ya mpaka. Charles Sanders Peirce wa Marekani, aliyefariki mwaka 1914, aliona tofauti ya jamii hii, akazitenga ishara zilizoungana na chanzo chao na zile zilizosimama kwa mapatano tu. Ajabu ni kwamba Norman, aliyekwenda kwa wanasemiotiki kuazima jina, hakuazima na mgawanyo huu. Napendekeza tuseme alama kwa kilichowekwa kwa makusudi, dalili kwa athari isomekayo, na kiashiria tukiache mahali pake kwa Saussure.

Ipo istilahi ya nne ambayo ndani yake kitabu na lugha yetu hupatana bila ya ugomvi. Norman agawanya makosa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni pale nia ya mtu ilipokuwa njema lakini mkono ukafanya lingine, kama mtu atakaye kubonyeza 5 akabonyeza 6. Fungu la pili ni pale nia au shauri lenyewe lilipokuwa na upotofu. La kwanza ni kuteleza, la pili ni kukosea. Nasi husema ulimi wake umeteleza, kwa mtu aliyetamka neno asilolikusudia. Methali yetu yasema kuteleza si kuanguka. Wengi huitumia kumfariji aliyepatwa, lakini ukiitazama vizuri ina mafundisho ya usanifu. Baina ya kuteleza na kuanguka pana nafasi, na katika nafasi hiyo mtu anaweza kujishika. Chombo kibaya hakiachi nafasi hiyo: ukiteleza umeanguka. Mfano mwema tunao Kenya. Katika huduma ya M-Pesa, mtu aliyekosea tarakimu moja ya namba ya simu alimpelekea pesa mtu asiyemjua. Baadaye kampuni ya Safaricom iliongeza hatua ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji ili apate kulizuia jambo kabla halijatimia, na hatua hiyo ikaitwa Hakikisha. Sijui kama waliolichagua jina hilo walifikiri juu ya sarufi, lakini walichagua vyema: kitenzi kilicho katika amri na katika kauli ya kusababisha chamwachia mtu mwenyewe kazi ya kulifanya jambo kuwa la hakika.

Sasa nafika kwenye ugomvi wangu na kitabu hiki. Norman afundisha kwamba chombo rahisi kama mlango kikihitaji maelezo, hata ya neno moja, basi usanifu wake umeshindwa. Fundisho hili limekuwa kama kanuni. Wasanifu wamelichukua wakaliongeza: neno ni kiraka, umbo jema halihitaji neno, maneno yaje mwisho, kazi ikiisha. Niliposoma Ulaya niliusukuma mara nyingi mlango wa kuvutwa, nikacheka na kumpa haki. Lakini hata kwa mlango kanuni hii ina mpaka. Mlango wa nyumba ya pwani wasukumika, tena mara nyingi u wazi. Hata hivyo, mgeni hauingii. Husimama nje akapiga hodi, naye huingia akiambiwa karibu. Umbo la mlango ule halina kasoro yoyote, bali ruhusa ya kupita haimo katika umbo. Imo katika maneno mawili yanayosemwa na watu wawili. Norman angejibu kwamba jambo hilo analo, maana katika vizuizi vinne anavyovitaja, vya umbile, vya utamaduni, vya maana na vya mantiki, hili laingia katika fungu la utamaduni. Sawa. Lakini kuliingiza katika fungu si kulieleza. Lugha hapa si kiraka cha mlango, ndiyo mlango.

Na yapo mamilioni ya watu leo ambao chombo chao ni cha namna hiyo. Simu ndogo isiyo na picha humletea mtu orodha ya maneno yenye namba mbele yake. Naye huchagua namba, akaletewa orodha nyingine. Hapana kishikio, hapana bamba, hapana mteremko wa kumwongoza mkono. Kila alichonacho mtu ni neno. Chukua maneno yaliyoenea katika huduma za pesa: weka, toa, tuma, salio. Kutoa pesa, katika maneno ya kila siku, ni kupungukiwa. Mtu hutoa sadaka, hutoa mahari, hutoa rushwa. Katika simu, atoaye pesa huzipokea mkononi. Kwa nini basi watu hawakuchanganyikiwa? Kwa sababu wao tayari walikuwa na mfano wa kibubu. Hutia pesa katika kibubu, hutoa pesa katika kibubu, na zinazobaki ndizo salio. Neno toa liliwapa mahali pa kusimama: ndani ya chombo, wala si ndani ya mfuko. Huo ndio ule mfano wa kichwani ambao Norman asema kila chombo chema hukijenga katika akili ya mtumiaji. Lakini hapa haukujengwa na umbo. Ulijengwa na vitenzi viwili na nomino moja.

Neno likijenga, laweza pia kubomoa. Jioni moja shangazi yangu alinipigia simu. Ni mwanamke asomaye gazeti kila siku, na hesabu zake za dukani hazijapata kumpiga chenga. Alikuwa akilipa ada ya mjukuu wake kwa huduma ya simu ambayo sitaitaja. Akaniambia, "Mwanangu, hii simu yaniuliza kama nataka kughairi malipo. Kisha yanipa njia mbili: moja ndiyo, mbili ghairi. Sasa mimi nataka pesa ziende. Nibonyeze lipi?" Nikamwambia, "Shangazi, usibonyeze kitu kwanza." Tulipokuwa tukishauriana muda wake ukaisha. Akaanza upya peke yake, akabonyeza moja, kwa kuwa moja ilikuwa ndiyo, na ndiyo ni neno la kukubali. Malipo yakafutwa. Asubuhi mjukuu akarudishwa nyumbani. Shangazi hakumlaumu mtu. Alisema amezeeka, mambo haya ni ya vijana.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniuma, kwa kuwa ni yale yale waliyotwikwa waendeshaji wa Three Mile Island. Hakuzeeka. Aliulizwa swali lisilo na jibu. Na tukitafuta mkosaji, hatumwoni aliyekosea neno. Ghairi ni tafsiri sahihi, na ndiyo ni tafsiri sahihi. Lakini mfasiri wa vyombo hivi mara nyingi hapewi chombo. Hupewa jedwali la maneno, kila neno katika mstari wake, bila ya kuona litasimama wapi wala litajibu swali gani. Kila mstari umetafsiriwa vyema, na mazungumzo yameharibika. Hilo ndilo tunda la kanuni ya kwamba neno lije mwisho.

Jedwali hilo lina hasara nyingine ambayo Mwingereza haijui. Kwake neno moja latosha kusema kwamba kitu kimepelekwa, liwe jambo ni picha, barua au pesa. Kwetu picha imetumwa, ujumbe umetumwa, pesa zimetumwa, na malipo yametumwa. Aliyesanifu akiacha nafasi moja tupu ya jina na kitenzi kimoja kisichobadilika, amekwisha kuvunja upatanisho wa ngeli kabla mfasiri hajashika kalamu. Ni kosa la usanifu, wala si la tafsiri, nalo halirekebishiki mwishoni. Hatuna udhuru wa kusema kwamba jambo hili ni geni kwetu. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kushiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa jina la Jambo OpenOffice. Na lugha imeonyesha kwamba inaweza. Tumepakia na kupakua, maneno ya bandarini na ya jikoni. Tumebofya, kama mtu abofyavyo embe kujua kama limeiva. Kasoro si uhaba wa maneno.

Yabaki njia za kazi. Norman aeleza mzunguko wa hatua nne: kuwatazama watu katika shughuli zao, kubuni mawazo, kutengeneza kielelezo cha kujaribia, na kukipima kwa watu, kisha kurudia. Kutazama hulipa. M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa Kenya tangu Oktoba 2005 ilikusudiwa kurahisisha malipo ya mikopo midogo. Waliokuwa wakitazama wakaona kwamba watu waitumia kupelekeana pesa, na ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007 ikatangazwa kwa shughuli hiyo. Kazi hii ya kutazama haina tofauti na ile tuifanyayo tunapokwenda vijijini kukusanya usemi: husikiliza kwanza, hurekodi, na hatumsahihishi msemaji.

Katika kupima, Norman afuata shauri la Jakob Nielsen kwamba watu watano watosha kwa kila zamu. Kwa kishikio cha mlango nakubali, maana mikono ya watu yafanana. Maneno hayafanani hivyo. Watu watano wa Dar es Salaam wataisoma namba ya siri bila ya kusita, na watano wa Nairobi watataka nambari. Watu wa Lubumbashi wana Kiswahili chao, na mzee wa Unguja ana chake. Nielsen mwenyewe asema kwamba makundi yakitofautiana, kila kundi lipimwe. Lakini nani atamwambia msanifu kwamba makundi yatofautiana, kama kwake Kiswahili ni mstari mmoja katika orodha ya lugha? Kazi hiyo ni yetu. Naongeza kipimo ambacho kitabu hakikitaji: maneno ya chombo yasomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja awe chombo na mwingine awe mtumiaji. Swali la kughairi lisingepita jaribio hilo hata mara moja. Mtu akiulizwa kwa mdomo, "Wataka kughairi? Ndiyo au ghairi?" atacheka au atakasirika, na kicheko chake ni cha bei ndogo kuliko ada ya mtoto.

Kwa muhtasari, kitabu hiki ni chema, na wanafunzi wa isimu wakisome. Kimemwondolea mtu wa kawaida lawama isiyo yake, na jambo hilo peke yake lamtosha mwandishi. Istilahi zake zitafsiriwe kwa kufuata sarufi yetu, bila ya kuyafuata majina yake: tajriba badala ya uzoefu, utendekaji kutoka kauli ya kutendeka, alama na dalili badala ya kiashiria, kuteleza na kukosea. Lakini pale kinapofundisha kwamba neno ni dalili ya kushindwa, tukisome kwa hadhari. Kilitungwa na mtu aliyekuwa akigombana na milango. Vyombo ambavyo watu wetu hugombana navyo ni vya maneno matupu, na mfasiri aitwaye mwisho ameitwa baada ya nyumba kuezekwa. Idara zetu zidai kuitwa siku ya kupima kiwanja, na ziwe na watu walioandaliwa kwa kazi hiyo, ili shangazi atakapouliza tena abonyeze lipi, jibu liwe limo katika swali.